Damu Yetu Inakwenda Wapi?

Chukua kijiko cha chai, kijaze maji yaliyotiwa rangi nyekundu, kisha uyamimine kwenye kichupa chembamba kama vile vya maabara. Ghafla yanaonekana mengi. Yarudishe kijikoni: ni yale yale, mililita 5. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 800 hivi, kwa hiyo kijiko hicho hakifiki hata asilimia 1 ya damu yake. Ningekuwa mtafiti wa malaria, kila siku ya kuwakaribisha wananchi maabara ningeianza na kijiko, kabla hata sijataja jina langu.

Sisi tuliokulia pwani tunajua sababu. Kiza kikiingia, mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani alitishwa kwa jina moja tu: mumiani. Neno lenyewe lilitoka Uajemi, likiwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami. Huku kwetu ikasemwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, na baadaye anayeinyonya hiyo damu naye akaitwa mumiani. Zama za ukoloni, Nairobi na Kampala, watu walinong'onezana kwamba wazimamoto hukamata wapita njia usiku wakawakamua damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizi katika kitabu cha mwaka 2000, akakataa kuziita upuuzi. Kwake, zilikuwa lugha ya watu waliokuwa wakichukuliwa vitu vyao bila kuulizwa.

Sasa fikiria kituo cha utafiti kinachofunguliwa Kilifi mwaka 1989, ndani ya uwanja wa hospitali, kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Magari yanaingia vijijini. Wageni wanabisha hodi, wanauliza habari za watoto, wanatoa damu, wanaondoka. Uvumi ukazuka, na haukuwa wa mzaha: walio KEMRI wanaabudu shetani, damu inauzwa. Hapo hapo mama yule yule aliyeusikia uvumi huo alimkimbiza mwanawe wodini akiwa na degedege, kwa sababu alijua huko atatibiwa vizuri. Kwa wengi KEMRI ilikuwa hospitali nzuri yenye tabia ya ajabu ya kupenda damu. Mpaka kati ya tiba na utafiti haukuonekana, na sioni nani wa kumlaumu, maana jengo ni moja na koti jeupe ni moja.

Kituo kilijibu kwa kufungua mlango. Ulianzishwa mpango wa kukutana na jamii: wanakijiji wakawachagua wawakilishi wao, zaidi ya 200, wa kupeleka habari na kurudisha malalamiko, mabaraza yakaitishwa, wanafunzi na wazee wakatembezwa maabara.

Kinachoonekana humo kinastahili safari. Tone la damu hupakwa kwenye kipande cha kioo, likaachwa likauke, likatiwa rangi iitwayo Giemsa. Ukiinamia darubini inayokuza mara 1,000, jicho huona kwanza ukungu tu. Geuza skrubu polepole. Chembe nyekundu za damu hujitokeza, duara baada ya duara, kama sarafu zilizomwagwa kwenye mkeka. Ndani ya moja kuna pete ndogo ya zambarau yenye kito kimoja cheusi-cheusi. Huyo ndiye kimelea wa malaria. Ukishamwona kwa jicho lako, kuambiwa kwamba damu inachukuliwa ili atafutwe si jambo la kuaminishwa tena.

Lakini maonyesho ni sehemu nyepesi. Watafiti wengi, nasema bila kuwaonea, hudhani kazi yao siku ya kuwakaribisha wananchi ni kufundisha, na kwamba mwananchi akielewa atakubali. Wakati mwingine huelewa vizuri sana na ndipo maswali magumu huanza. Damu iliyobaki mnaiweka wapi? Itasafirishwa ng'ambo? Mwanangu alichanjwa kitu gani hasa?

Swali hilo la mwisho lina historia. Mwaka 2007 watoto 894 wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania, wenye umri wa miezi 5 hadi 17, waliingizwa katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Waligawanywa kwa njia inayofanana na kuokota vikaratasi: wengine wapate chanjo ya malaria, wengine chanjo ya kichaa cha mbwa. Mama hakuambiwa mwanawe kaangukia wapi, kusudi kila homa ihesabiwe bila upendeleo. Kisayansi ni sawa kabisa. Ila kwa mzazi, ni kuombwa avumilie siri juu ya mwili wa mwanawe.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 2008, kinga ilikuwa asilimia 53. Kazi ipo hapo! Kwa aliyesoma shule zetu, 53 ni alama ya mtihani, tena ya kuponea chupuchupu. Maana yake ni nyingine: fikiria nyua mbili zenye watoto sawa. Katika ule usio na chanjo, ikihesabiwa homa ya kwanza ya malaria kwa kila mtoto, watoto 100 wameugua. Katika ule wenye chanjo, kama 47. Haimaanishi nusu ya watoto wamekingwa moja kwa moja na nusu wameachwa wazi.

Na hata hiyo haikudumu. Watafiti waliwafuatilia watoto 447 wa Kilifi kwa miaka 7, sasa wakihesabu kila homa, si ya kwanza tu. Kinga iliyokuwa asilimia 35.9 mwaka wa kwanza ilishuka hadi 2.5 mwaka wa nne. Watoto hao walipata dozi tatu. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, lilitaka dozi nne. Habari kama hii ndiyo kipimo cha mkutano wa watafiti na wananchi. Kutangaza ushindi barazani ni rahisi. Kurudi kusema kinga imeisha kunataka uso mkavu na heshima pamoja.

Limebaki swali moja ambalo mimi ningelishikilia. Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo kwa majaribio, uzinduzi ulifanyika Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, na kaunti zote nane zilizochaguliwa zilikuwa za magharibi. Sababu ipo: chanjo ilielekezwa kwenye maeneo yenye malaria nyingi, na Kilifi ugonjwa ulikuwa umepungua sana. Ni sababu nzuri. Hata hivyo ukialikwa maabara, msomaji wangu, tazama darubini ushibe, kisha nyoosha mkono uulize: watoto wetu walitoa damu, mbona chanjo imeanzia Homa Bay? Na usikae chini mpaka ujibiwe.