Je, Wajua? Mstari Unaojaa Kwenye Skrini Haupimi Kazi Kila Mara

Je, wajua kwamba kuna wakati kompyuta za Macintosh zilikuwa na upau wa kuwaka, yaani mstari unaojaa mashine inapoamka, ambao haukupima kazi yoyote? Apple ilitoa toleo la Mac OS X liitwalo Tiger mwaka 2005. Katika toleo hilo huduma nyingi za mfumo zilianza kuamshwa kwa pamoja badala ya kupanga foleni, hivyo ikawa vigumu kusema uwashaji umefika wapi. Wahandisi wakaweka programu ndogo iliyokumbuka mashine ilichukua muda gani kuwaka hapo awali, nayo ikaujaza upau kwa mwendo huo. Mwenye kompyuta alidhani anaona kazi ikisonga, kumbe alikuwa akionyeshwa makadirio ya mara iliyopita. Mimi siuiti huo udanganyifu, kwa sababu mashine ileile huwaka kwa muda unaokaribiana kila siku. Lakini yafaa mtu ajue anachotazama.

Mwaka 1985 Brad Myers, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alichapisha utafiti kuhusu pau zinazoonyesha asilimia ya kazi iliyokwisha. Aliwaomba wanafunzi wenzake 48 watafute taarifa katika hifadhidata, mara wakiwa na upau na mara bila upau. Asilimia 86 walisema wanaupenda. Alichokiona Myers ni kwamba watu hawakujali sana kama upau haukuwa sahihi kabisa. Walichotaka ni kujua kwamba kazi inaendelea na kwamba ina mwisho. Baadaye Myers akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, chuo ambacho tutakirudia.

Si kila kazi inastahili upau. Robert Miller wa IBM aliandika mwaka 1968 kuhusu muda ambao mtu huvumilia kusubiri jibu la kompyuta, na Jakob Nielsen akaufanya mjadala huo kuwa kanuni maarufu mwaka 1993. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona limekuja papo hapo. Likifika sekunde moja, huona kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Likipita sekunde 10, akili huhama na mkono hutafuta simu. Ndiyo maana upau kwa kazi ya nusu sekunde ni usumbufu mtupu: unachomoza na kutoweka kabla jicho halijausoma.

Wajua kwa nini dirisha huganda wakati programu ingali hai na inafanya kazi? Programu nyingi za kompyuta ya mezani zina mkondo mmoja mkuu wa kazi, ambao waandishi wa programu huuita thredi kuu. Huo ndio unaopokea mibofyo ya kipanya, herufi za kibodi na amri za kuchora dirisha upya. Ni kama duka lenye karani mmoja. Akienda stoo kutafuta mzigo, hakuna wa kumsikiliza mteja aliyesimama kaunta, hata kama huko stoo anahangaika kwa ajili ya mteja huyohuyo.

Windows haiwezi kujua kama karani yuko kazini au amezimia. Inachokiona ni kwamba dirisha halijachukua ujumbe wowote kutoka kwenye foleni yake kwa sekunde 5. Hapo huliondoa machoni pako na kuweka kivuli chake mahali palepale: picha ya mwisho iliyopauka, yenye maneno ya kusema programu haijibu. Kivuli hicho unaweza kukisogeza, kukishusha au kukifunga, na wengi hukifunga. Mara nyingi programu ilikuwa inahifadhi waraka au inapanga hesabu ya mwezi, na kazi iliyokaribia kuisha inapotea.

Dawa ya kuganda huko inajulikana tangu zamani. Kazi nzito hupewa thredi ya pembeni, na hiyo kila mara hutuma habari kwa thredi kuu: nimefika hapa. Habari lazima zitumwe hivyo, kwa kuwa katika mifumo mingi thredi kuu peke yake ndiyo inayoruhusiwa kugusa vitufe na pau. Microsoft iliweka zana ya shughuli hiyo, BackgroundWorker, katika .NET, jukwaa lake la kuandikia programu, mwaka 2005, na lugha ya Java ikawa na SwingWorker katika toleo la 6 mwaka uliofuata. Faida yake inapita kuchora upau. Karani akiwa kaunta, anaweza kusikia mtu akibofya Ghairi. Kwangu kitufe hicho kina thamani sawa na upau wenyewe, ilimradi programu iseme wazi kama yale yaliyokwisha kufanyika yatafutwa au yatabaki.

Sasa tuingie mahali penye utata kuliko pote, yaani kunakili mafaili. Chukua folda yenye filamu moja ya GB 2 na picha ndogo 5,000 zenye jumla ya MB 500. Filamu ikimaliza kunakiliwa, kazi imefika wapi? Ukihesabu mafaili, limekwisha moja kati ya 5,001, na upau haujasogea hata kidogo. Ukihesabu ukubwa wa data, umefika asilimia 80. Hesabu zote mbili ni za kweli, na zote mbili zitampotosha anayesubiri, kwa sababu picha zile 5,000 zinaweza kula muda mwingi kuliko filamu. Kila faili, liwe dogo namna gani, lazima lifunguliwe, liandikiwe jina na tarehe, likaguliwe na kinga ya virusi, kisha lifungwe. Hapo ndipo unapoona dirisha likisema dakika mbili, kisha dakika tisa, kisha sekunde arobaini. Programu inagawanya data iliyobaki kwa kasi ya muda mfupi uliopita, na kasi hiyo haitulii. Katika Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, Microsoft iliongeza grafu ya kasi yenyewe ndani ya dirisha la kunakili, pamoja na kitufe cha kusimamisha kwa muda. Naupenda uamuzi huo. Mtu akiona kasi imeporomoka anaelewa kwa nini makadirio yamebadilika.

Je, wajua kwamba uaminifu ukizidi huweza kuleta malalamiko? Katika Windows XP, dirisha la kunakili lingeweza kufungwa huku sehemu ya data ikiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, ikisubiri kuandikwa kwenye diski. Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ilibadili utaratibu, na dirisha likawa linasubiri mpaka data iandikwe kweli. Watu wakalalamika kwamba Vista inanakili polepole. Mark Russinovich wa Microsoft alilieleza jambo hilo mwaka 2008, wakati kifurushi cha kwanza cha marekebisho kilipoirudisha Vista kwenye njia ya kupitia kumbukumbu.

Jambo hilohilo liko kwenye flashi. Kwenye Linux, kwa mfano, upau unaweza kufika asilimia 100 upesi sana, kisha ukiomba kuitoa flashi ukaambiwa usubiri, na ukasubiri dakika nzima au zaidi. Data ilikuwa imefika kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, na flashi ilikuwa bado inaandikwa. Anayeichomoa kwa kuamini upau anaweza kufika steshenari na faili lisilofunguka.

Kule Carnegie Mellon, Chris Harrison na wenzake waligundua kwamba jicho nalo lina hesabu yake. Katika utafiti wa mwaka 2007, watu waliona upau unaoongeza kasi karibu na mwisho kuwa ni wa haraka kuliko ule unaosita mwishoni, ingawa muda ulikuwa uleule. Mwaka 2010 wakajaribu pau zenye mistari inayotembea ndani yake. Mistari ikienda kinyume na upande upau unakojaa, huku ikipunguza mwendo, watu waliona muda umepungua kwa asilimia 11. Kwa kazi ya sekunde kumi na tano sina ubishi na urembo huo. Kwa kazi ya saa nzima, ambapo mtu anaamua kama atoke aende sokoni au abaki, apewe makadirio ya kweli kwanza.

Kuna kazi ambazo hazina asilimia hata kidogo. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kujua kama programu yoyote ile itafika mwisho. Programu za kila siku kwa kawaida si ngumu kiasi hicho, lakini nyingi hazijui zitakutana na nini. Kutafuta faili kwenye diski nzima ni mfano mzuri, maana idadi ya folda haijulikani mpaka zote zifunguliwe. Kwa kazi kama hizo upo upau usiojaa, wenye kipande kinachopita tu toka upande mmoja hadi mwingine. Ni bora huo, ukiwa na jina la folda inayosomwa sasa, kuliko asilimia ya kubuni.

Wajua pia kwamba tangu Vista, upau wa Windows una rangi tatu rasmi: kijani kwa kazi inayoendelea, njano kwa iliyosimamishwa na nyekundu kwa iliyopata hitilafu? Upau huohuo una tabia moja ya ajabu. Ukipanda, hupanda polepole kwa mapambo. Ukishuka, hushuka papo hapo. Kwa hiyo kazi fupi ikifika 100, dirisha linaweza kufungwa wakati upau bado uko njiani, na mtu akadhani kazi imekatizwa. Waandishi wa programu wakabuni ujanja: wanaupandisha upau hatua moja kupita pale wanapotaka, kisha wanaurudisha hatua moja, nao unatua pale mara moja.

Na upau wenyewe hula muda. Mwanzoni mwa mwaka 2016 watumiaji wa npm, zana ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, waligundua kwamba wakiuzima upau wake, usakinishaji uliweza kwenda karibu mara mbili ya kasi. Ulikuwa unachorwa upya mara nyingi mno. Watunzaji wa npm hawakuuondoa. Walipunguza tu mara za kuuchora.