Fort Ternan: Kilima cha Majina ya Watu

Je, wajua kwamba Kericho iliwahi kuwa Uganda? Hadi Aprili 1902, nchi yote kuanzia bonde la Naivasha kwenda Ziwa Viktoria ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ndiyo maana kituo cha kijeshi kilichowekwa karibu na mlima wa Tinderet kikapewa jina la Trevor Ternan, mwanajeshi Mwingereza aliyewahi kukaimu ukamishna wa Uganda. Reli ilipopita ikielekea Kisumu mwaka 1901, stesheni nayo ikaitwa Fort Ternan. Baadaye mpaka ulihamishwa, lakini jina halikuhama nao.

Ukitoka mjini Kericho kwenda huko unateremka tu. Majani chai yanabaki juu, hewa inapata joto, na mbele kidogo unaanza kunusa miwa ya Muhoroni. Kilima chenyewe hakina makuu. Mgeni angekipita bila kugeuza shingo. Utajiri wake umo tumboni.

Tinderet ilikuwa volkano. Miaka milioni 14 hivi iliyopita majivu yake yaliwafunika wanyama waliokufa hapa, na majivu hayo yalikuwa na madini mengi ya jamii ya chokaa, ambayo huhifadhi mfupa mpaka ugeuke jiwe. Mkulima wa chai ataielewa siri hii upesi. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na asidi ndiyo inayoila mifupa. Udongo unaoilisha Kericho ungeyeyusha ushahidi wote. Bahati ni kwamba kilima hiki kiliwekewa akiba ya namna nyingine.

Mzungu mwenye shamba, Fred Wicker, ndiye aliyeona mifupa ardhini mwake akampasha habari mtafiti wa mabaki ya kale, Louis Leakey. Uchimbaji wa 1961 ulitoa vipande vya taya la kiumbe wa jamii ya sokwe, na mwaka uliofuata Leakey akamtangaza kwa jina la Kenyapithecus wickeri. Nchi ilikuwa haijapata uhuru, na tayari jina lake lilikuwa kwenye taya la kale, bega kwa bega na la mwenye shamba! Leakey hakuishia hapo. Mwaka 1968 alidai kwamba kiumbe huyo alipasua mifupa kwa jiwe ili ale uboho. Wenzake wengi hawakukubali, nami nadhani walikuwa na haki: bonge moja la jiwe la volkano kando ya mifupa iliyovunjika ni ushahidi mwembamba mno.

Katika majina haya, linalonivutia zaidi ni la faru. Leakey hakuwa akichimba peke yake. Kwa miaka mingi alifanya kazi na Heslon Mukiri, Mkenya mwenye jicho la kutambua mfupa pale wengine wanapoona kokoto. Hakuna stesheni iliyoitwa kwa jina lake. Lakini mwaka 1968 mtaalamu Mholanzi Dirk Hooijer alipomwelezea faru wa kale wa Fort Ternan, jamaa wa faru tulio nao leo, alimwita Paradiceros mukirii. Kwa kipimo changu, hilo ni kumbukumbu bora kuliko ngome: Ternan alipewa kituo kwa sababu ya cheo, Mukiri akapewa faru kwa sababu ya kazi.

Wenyeji walingoja zaidi. Kwenye ramani za wakoloni Wakipsigis waliitwa Lumbwa, jina la kubandikwa na watu wa nje, na hata stesheni jirani iliitwa hivyo kabla haijawa Kipkelion. Kwenye sayansi walipata lao halisi. Swala mmoja wa hapa, ambaye mifupa yake ilipatikana kwa wingi, leo huitwa Kipsigicerus, yaani pembe ya Kipsigis. Ukoo wake umetoweka Afrika. Jamaa zake walio hai, akiwemo nilgai, wanaishi India.