Mbwa Kando ya Mgonjwa: Tumwiteje?

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno "mbwa" ni tusi. Anayeitwa mbwa amevuliwa utu, na mbwa koko hufukuzwa kwa mawe. Ndiyo maana mwalimu au mfasiri anayetakiwa kueleza kwa Kiswahili jinsi mbwa anavyowasaidia wagonjwa hukwama kabla hajaifikia sayansi yenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1962 Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto huko New York, alichapisha makala kuhusu mbwa wake, Jingles, aliyekuwa naye katika chumba cha matibabu. Mtoto aliyejitenga na watu alikubali kucheza na mbwa, na kupitia mchezo huo mtaalamu akapata njia ya kumfikia. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa moyo 92 nchini Marekani kwa mwaka mmoja. Kati ya 53 waliofuga wanyama walifariki 3. Kati ya 39 wasiofuga walifariki 11. Idadi hiyo ni ndogo, na wanyama wenyewe hawakuwa mbwa tu, kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba mbwa huponya moyo. Linalokubalika zaidi ni kwamba kumpapasa mbwa mtulivu hupunguza wasiwasi. Tena mbwa hahoji: hamuulizi mgonjwa alifanya nini wala alifanyiwa nini.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika eneo letu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Francis Okello Oloya, aliyepofushwa na bomu utotoni, alianzisha mradi wa kuwapatia mbwa watu walioumizwa nafsi na vita vya waasi wa LRA. Katika vita hivyo wengi walitekwa wakiwa watoto, na waliporudi walitengwa. Mbwa wanaotolewa ni wale wale koko tuliowataja, waliookolewa mitaani. Mhusika humlisha mbwa wake, humfunza, hutembea naye. Akishtuka usiku kwa jinamizi, yupo kiumbe wa kumshika.

Sasa tumwiteje? "Mbwa wa tiba" linatia shaka, maana msikilizaji anaweza kudhani ni mbwa wa kutengenezea dawa! "Mbwa tabibu" linampa kazi asiyo nayo. Sisi tunapendelea "mbwa mliwazaji", kutokana na "liwaza", kitenzi tunachokitumia tayari kwa mfiwa. Upatanisho wake nao hausumbui: mbwa mliwazaji, mbwa waliwazaji.

Wapo wagonjwa ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na wengine wana mzio au hofu. Hao wasilazimishwe. Mwaka 2008 watafiti huko St. Louis, Marekani, walichapisha ulinganisho wa wazee waliotembelewa na mbwa hai na wale walioletewa Aibo, roboti ya Sony yenye umbo la mbwa. Upweke ulipungua katika makundi yote mawili. Hapo ngeli zinatusumbua upya: roboti huyo anabweka, au roboti hiyo inabweka? Tunakaribisha hoja za wasomaji.