Selimundu na Himoglobini ya Tumboni

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Uzito wake ni wa kawaida, ananyonya vizuri, analia kama wenzake, na mkunga hana la kumtilia shaka. Miezi mitatu minne hupita hivyo hivyo. Kisha, kuelekea nusu mwaka, vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma, macho yanageuka manjano, homa haziishi. Katika kipindi hicho, kati ya kuzaliwa salama na kuanza kuugua, familia nyingi huanza kumtafuta aliyemroga mtoto. Jirani aliyempakata siku ya arubaini hupata lawama bure.

Kuchelewa huko kwa ugonjwa kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyozaa tiba mbili zinazotajwa sana leo: ile ya kuhariri jeni, ambayo bei yake inahesabiwa kwa mamilioni ya dola, na kapsuli ya zamani ambayo watoto wengi wanaoihitaji bado hawajaipata. Mwaka 1948, Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliona kwamba chembe nyekundu za vichanga waliorithi selimundu hazipindi kwa urahisi, hata pale ambapo za mama zao zinapinda. Alihusisha jambo hilo na himoglobini ya tumboni, ile inayomhudumia mtoto kabla hajavuta pumzi ya kwanza.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Ya mtu mzima imeundwa kwa minyororo ya alfa na beta. Ya mtoto aliye tumboni ina alfa na gama. Mtoto anapozaliwa, zaidi ya nusu ya himoglobini yake bado ni ile ya tumboni. Katika miezi inayofuata mwili huzima jeni ya gama na kutegemea ya beta. Sasa, kasoro ya selimundu iko kwenye beta peke yake. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 huko Cambridge kwamba ni kosa dogo kupita kiasi: asidi amino moja tu, ya sita katika mnyororo mzima, imebadilishwa na nyingine. Mtoto mwenye jeni mbili mbovu za beta haumwi mpaka beta ianze kutumika.

Kosa hilo dogo lina madhara makubwa. Himoglobini yenye kasoro ikishatoa oksijeni yake hugandana na wenzake na kutengeneza nyuzi ngumu zinazoisukuma chembe mpaka ipinde kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu daima. Zile ambazo hazijafa hukwama kwenye mishipa midogo. Zikikwama kwenye mfupa ni maumivu ambayo mtoto hawezi hata kuguswa. Zikikwama kwenye ubongo ni kiharusi. Bandama nayo huharibika mapema, na mtoto anabaki bila ngome dhidi ya bakteria wa nimonia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jeni mbaya kiasi hiki haikufutika karne nyingi zilizopita. Jibu lilipatikana kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu za makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana jeni moja ya selimundu. Kwenye nyanda za juu na maeneo makavu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Ramani ya jeni ilifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja tu ana kinga dhidi ya malaria, na miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi walipima kinga hiyo: karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Hapa kuna jambo ambalo linachanganywa hata na watu waliosoma. Anayelindwa ni mwenye jeni moja, yule ambaye haugui selimundu kabisa. Mwenye jeni mbili halindwi. Malaria ikimkuta, damu yake kidogo inateketea kwa siku mbili tatu. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake wa selimundu hahitaji chandarua anapewa ushauri wa kuua.

Turudi kwenye gama. Mwaka 1958, G. F. Jacob na A. B. Raper waliokuwa wakifanya kazi Kampala walieleza habari za watu ambao miili yao haikuzima himoglobini ya tumboni. Walikuwa watu wazima, wana afya, na damu yao ina kiasi kikubwa cha himoglobini ya vichanga. Ilikuja kufahamika kwamba mtu wa namna hiyo akirithi pia jeni ya selimundu, ugonjwa haumsumbui. Huko mashariki mwa Saudi Arabia, miaka ya 1970, madaktari walieleza wagonjwa wenye jeni zote mbili mbovu ambao waliugua kidogo sana ukilinganisha na wenzao wa Afrika; nao himoglobini yao ya tumboni ilikuwa juu. Gama huingia katikati ya nyuzi zile na kuzizuia zisiungane. Kuanzia hapo swali la tiba lilikuwa moja: tunaiwashaje tena?

Anayeizima alijulikana mwaka 2008. Wataalamu wa jenetiki waliokuwa wakichunguza watu wa kisiwa cha Sardinia na kwingineko walikuta jeni iitwayo BCL11A inahusiana na kiwango cha himoglobini ya tumboni. Mwaka huo huo Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston walionyesha kwamba protini yake ndiyo inayoinyamazisha gama. Ukiinyamazisha yenyewe, gama inarudi kazini. Miaka michache baadaye ikagunduliwa sehemu fupi ya DNA inayoiwasha BCL11A ndani ya chembe zinazotengeneza damu nyekundu tu, kwa hiyo inaweza kukatwa bila kuvuruga kazi yake katika viungo vingine. Na kifaa cha kukatia kilikuwa tayari: CRISPR, mkasi wa kijenetiki uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Tiba iliyotokana na hayo inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo huo, na ndiyo tiba ya kwanza ya CRISPR kukubaliwa popote duniani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 29 kati ya 30 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali. Kwa watu waliozoea kulazwa mara kwa mara kila mwaka, hilo ni badiliko la maisha, na sitalipunguzia sifa.

Lakini ni vizuri kujua mgonjwa anapitia nini. Chembe mama za damu huvunwa kutoka kwake, mara nyingi kwa awamu zaidi ya moja, zikapelekwa maabara maalumu kukatwa. Kabla ya kurudishiwa, uloto wake wote huuliwa kwa dawa kali ya saratani iitwayo busalfani, ambayo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kisha hukaa wodini wiki kadhaa bila kinga, akisubiri uloto mpya uote. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na hiyo ni bei ya dawa peke yake. Habari hii ilipotangazwa, magazeti yetu yaliandika kwamba tiba ya selimundu imepatikana. Imepatikana, ndiyo, ila kwa mfumo wa afya ambao si wetu. Upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu, ulioanza kufanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023, uko karibu zaidi nasi, ingawa nao una sharti gumu: kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana na mgonjwa.

Wapo wanaotafuta njia ya kupata matokeo hayo hayo kwa kidonge. Mwaka 2024 watafiti wa Novartis walieleza molekuli inayoiharibu protini nyingine ya kunyamazisha gama, iitwayo WIZ, na himoglobini ya tumboni ikapanda kwa panya na nyani. Ni kazi nzuri ya kisayansi. Hata hivyo, mwaka huo huo, mwezi Septemba, kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote dawa mpya ya selimundu, Oxbryta, baada ya takwimu kuashiria vipindi zaidi vya maumivu na vifo miongoni mwa waliokuwa wakiitumia. Dawa hiyo ilikuwa ikipandisha kiwango cha himoglobini vizuri tu kwenye karatasi ya maabara.

Kidonge cha kuiwasha gama tunacho tayari, na si kipya. Haidroksiyurea ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikatumika kwa muda mrefu kutibu saratani za damu, na mwaka 1998 Marekani iliiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu. Hupunguza kasi ya uloto, na uloto ukibanwa hivyo hutoa chembe zenye himoglobini ya tumboni kwa wingi zaidi. Hupunguza pia chembe nyeupe zinazochangia kuziba mishipa. Haiponyi, na lazima inywewe kila siku. Lakini haihitaji maabara ya kuhariri jeni wala kuua uloto wa mtu.

Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika waliogopa kuwapa watoto dawa hiyo, na hofu yao haikuwa ya kijinga. Dawa inayopunguza chembe nyeupe, kwa mtoto mwenye lishe duni, mahali penye malaria: nani angetia saini? Jaribio la kwanza la kujibu swali hilo lilifanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto zaidi ya 200, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2017, na malaria haikuongezeka kwa waliopata dawa.

Kisha likaja jaribio la REACH. Liliwahusisha watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Hapa hapakuwa na kundi la kidonge kitupu. Kila mtoto alilinganishwa na hali yake mwenyewe ya kabla ya dawa, na huo ni udhaifu ambao msomaji makini ataukumbuka. Lakini tofauti zilikuwa kubwa mno kuelezwa na bahati. Ukihesabu kwa watoto 100 kwa mwaka mmoja, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2, na mwenye kujua benki zetu za damu anaelewa uzito wa tarakimu hiyo. Malaria, ile iliyoogopwa, ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilitoka 3.6 vikawa 1.1. Ripoti hiyo ilichapishwa mwaka 2019, na kwa maoni yangu ni moja ya tafiti muhimu kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa watoto wa ukanda huu, ingawa haikupata hata sehemu ndogo ya vichwa vya habari vilivyoipamba Casgevy.

Kwa nini basi dawa haiwafikii? Kwanza kwa sababu watoto wenyewe hawajulikani. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi hufa kabla ya miaka mitano huku cheti kikisema malaria, nimonia au upungufu wa damu. Uganda ilionyesha njia ya mkato: karatasi za matone ya damu zilizokuwa zimekusanywa kupima VVU kwa vichanga zilipimwa tena kutafuta selimundu, karibu sampuli laki moja. Asilimia 13.3 walikuwa na jeni moja, asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa, na ramani ya wilaya ikaonyesha pa kuanzia. Leo vipo pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu la kisiginoni, vinavyotoa jibu kwa dakika chache palepale kwenye kliniki ya chanjo, bila umeme wa maabara.

Pili ni dozi, na hapa ndipo mipango mizuri hukwama. Mtoto wa kilo 10 huanza na miligramu 200 hivi kwa siku, ilhali kapsuli iliyozoeleka kwenye maduka ya dawa ni ya miligramu 500. Mfamasia asipoigawa au kuitengeneza kuwa dawa ya maji, mama ataifungua jikoni na kukisia kwa jicho. Kutoa dozi ndogo moja kwa wote ili kukwepa usumbufu hakusaidii vya kutosha: jaribio la pili la Mulago, lililochapishwa mwaka 2020, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu watoto walioongezewa dozi hatua kwa hatua walikuwa wakifanya vizuri zaidi kwa mbali kuliko wale wa dozi isiyobadilika. Na kuongeza dozi kunataka kupima damu. Kituo kinachotaka kuanzisha kliniki ya selimundu kinahitaji mashine ya kuhesabu chembe za damu inayofanya kazi, vitendanishi visivyokatika katikati ya mwezi, na mtu wa kumpima mtoto uzito kila anapokuja, maana mtoto aliyeongezeka kilo mbili tangu mara ya mwisho ameshaipita dozi yake ya zamani.