Mafuta ya Kunukia Nyumbani Wakati wa Kipupwe

Mwezi wa Juni uingiapo, upepo wa kusi huvuma pwani yote, na mjini Dar es Salaam joto la usiku wa Julai hushuka hata digrii 18 au 19. Kwa mtu wa Njombe hiyo si baridi ya kutajwa. Walakini kwa watu wa Upanga na Kariakoo, waliozoea jasho, ndiyo majira ya mafua, vikohozi na kufunga madirisha. Ndipo watu hutafuta chupa ndogo za mafuta ya karafuu, ya mkaratusi na ya mchaichai. Mkulima yampasa kuyafahamu mafuta hayo kwa sababu mbili: ndiye apandaye majani, naye pia ana watoto nyumbani.

Mafuta ya kunukia si ndugu wa mafuta ya nazi wala ya ufuta. Hayo hukamuliwa, haya hutolewa kwa mvuke. Majani hutiwa katika pipa lililofunikwa, mvuke wa maji yachemkayo hupita ndani yake na kuyachukua mafuta, kisha hupozwa katika bomba, maji na mafuta yakatengana. Kazi hiyo hufanywa Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, katika kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambako makonyo ya karafuu hayatupwi bali hugeuzwa fedha. Kilo 100 za makonyo hutoa mafuta kilo 5 au 6 tu. Mchaichai mbichi ni mchoyo zaidi: kilo 100 hutoa nusu kilo, na mara nyingi chini ya hapo.

Sasa piga hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mchaichai ni nguvu ya karibu kilo nzima ya majani mabichi. Ni nani atiaye kilo ya majani katika kikombe kimoja? Hata hivyo wako watu wanywao mafuta haya kwa kijiko, kwa kuwa wameambiwa ni kitu cha asili. Muhogo mchungu nao ni wa asili, na kila mkulima ajua kwamba haufai kuliwa kabla ya kutengenezwa.

Kijiko kimoja cha mafuta ya mkaratusi chaweza kumtia mtoto degedege na kumpoteza fahamu. Mafuta ya karafuu yakinywewa kiasi hicho yaweza kuharibu ini la mtoto mdogo. Kwa hiyo usimnyweshe mtoto hata tone, wala usimpake puani au usoni mtoto aliye chini ya miaka miwili. Chupa ikae juu, mahali pasipofikiwa na mikono midogo, mbali na moto pia, maana mafuta haya hushika moto upesi. Akiyanywa kwa bahati mbaya, msimtapishe, maana matapishi yaweza kuingia mapafuni. Mchukueni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Walio Upanga wana Muhimbili mlangoni mwao. Walio mbali wasingoje hadi kesho.

Kwa haja nyingi za nyumbani, jani latosha. Chemsha maji, tia mchaichai uliokatwakatwa, funika sufuria, epua, ngoja dakika 10. Kufunika ndiko kuzuri, kwani ile harufu inayojaa nyumba nzima ni mafuta yenyewe yanayokimbia.

Kujifukiza kulienea mno nchini wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021. Mvuke haukuiponya korona, wala hauponyi homa ya mapafu. Kazi yake ni kumpa nafuu mtu mzima aliyeziba pua. Sufuria iepuliwe na kuwekwa imara mezani. Watoto wasiingizwe kabisa chini ya blanketi lenye maji ya moto, maana maji yakimwagika huunguza vibaya kuliko mafua yenyewe. Na kikohozi kilichofika wiki mbili hakitaki majani. Chataka kupimwa kifua kikuu.

Mtu mzima akitaka kujipaka kifuani, atie matone 3 katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, asizidishe. Yakipakwa bila kuchanganywa huchoma ngozi. Jino likiuma, tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba hutuliza hadi umfikie daktari wa meno.

Ukinunua Kariakoo, jaribu kwanza. Tia tone juu ya karatasi nyeupe, uliache likauke: mafuta safi ya mkaratusi huruka yote, bali yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa la ulaini. Tone la mafuta ya karafuu likitiwa katika maji huzama. Likielea, muulize muuzaji maswali. Majaribio haya hayakamati kila hila, lakini huzikamata zile za kijinga, nazo ndizo nyingi.

Mwenye kipande cha ardhi na apande mchaichai mwenyewe. Pasua shina la zamani, panda vichipukizi kwa nafasi ya sentimeta 60 kila upande, mahali penye jua pasipotuama maji. Aliyepanda masika ya Machi aweza kukata mara ya kwanza Julai, baridi ikiwa imeshika. Kata sentimeta 10 hadi 15 juu ya ardhi, kisha rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Shamba hudumu miaka minne au mitano. Wanaolima bonde la Msimbazi waoshe majani kwa maji safi ya bomba, si ya mto ule. Majani ya kuuza yaanikwe kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huiba harufu, na mnunuzi hunusa kwanza kabla ya kutaja bei.