Ateri Kuu za Moyo wa Panya

Moyo wa panya hujaa damu kila mara kabla ya kupiga, lakini karibu ukuta wake wote haupati oksijeni kutoka kwenye damu hiyo. Ukielewa sababu yake, hutachanganya tena ateri za moyo. Tumtumie panya wa kahawia, Rattus norvegicus, anayeishi mwituni, kwenye mitaro na bandarini. Panya weupe wa maabara ni uzao wake.

1. Ateri ya mapafu
Hutoka kwenye ventrikali ya kulia, kisha hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu. Hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Kumbuka: ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, hata kama damu hiyo haina oksijeni nyingi.

2. Aota
Hutoka kwenye ventrikali ya kushoto, hupinda kuelekea kushoto na kushuka hadi tumboni. Tao lake hutoa matawi matatu:
(a) la kwanza huenda mguu wa mbele wa kulia na upande wa kulia wa kichwa;
(b) la pili huenda upande wa kushoto wa kichwa;
(c) la tatu huenda mguu wa mbele wa kushoto.
Mpangilio huu unafanana na wa binadamu. Kwa ndege, tao la aota hupinda kulia.

3. Ateri za koronari
Ni mbili, ya kulia na ya kushoto. Ndizo matawi ya kwanza kabisa ya aota, nazo huanzia karibu na vali yake. Kazi yake ni kulisha misuli ya moyo wenyewe. Ukuta wa moyo ni mnene, hivyo oksijeni haiwezi kusambaa kutoka ndani ya ventrikali na kuifikia misuli yote. Tena moyo wa panya hupiga mara 300 hadi 400 kwa dakika akiwa ametulia, na wa binadamu mara 60 hadi 100.

Zingatia: Kwa binadamu ateri hizi hupita juu ya moyo. Kwa panya huzama mapema ndani ya misuli. Ukimpasua panya usizione, usiandike kwamba hazipo.

Swali la kujipima
Tawi kubwa la ateri ya koronari ya kushoto limeziba. Eleza matokeo yake. (Alama 4)

Jibu: Misuli ya eneo hilo hukosa oksijeni na glukosi. Upumuaji wa seli hupungua, na nishati pia. Seli hufa, na ventrikali husukuma damu kwa nguvu ndogo. Damu iingiayo kwenye aota hupungua, hivyo mwili mzima huathirika, ingawa ventrikali yenyewe imejaa damu yenye oksijeni.