Kinda wa Ndege wa Porini: Je, Ameachwa Kweli?

Katika mashimo ya mibuyu na juu ya migunga ya Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, huzaliana hondohondo, cherero, chole, bundi na ndege wengine wengi. Mvua zinaponyesha na wadudu kuongezeka, makinda huanguliwa kwa wingi. Baadhi yao huonekana chini: uani, kando ya barabara kuu au katika mashamba ya vitunguu. Anayewaokota huwa na nia njema. Hata hivyo, kinda aliye chini si lazima awe ameachwa, na msaada usiofaa huweza kumuua haraka kuliko njaa. Tunaeleza hapa namna ya kupambanua hali yake na hatua zinazofaa kuchukuliwa.

Mtazame kabla ya kumgusa

Kinda aliyeota manyoya, anayerukaruka na kushika kijiti kwa vidole vyake, yumo katika mafunzo ya kuruka. Ndege wengi huondoka kiotani siku kadhaa kabla mabawa hayajapata nguvu, na wazazi huendelea kuwalisha wakiwa chini. Mwache alipo. Ikiwa kuna paka, mbwa au magari, msogeze kwenye kichaka kilicho karibu, kisha ondoka. Wazazi hawatakuja iwapo umesimama pembeni. Tazama ukiwa mbali kwa muda wa saa moja au mbili.

Kinda aliye uchi, au mwenye vinyweleo tu na macho yaliyofumba, ameanguka. Huyu anahitaji msaada.

Mrudishe kiotani

Watu wengi huamini kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na binadamu. Si kweli. Ndege hamwachi mwanawe kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Kiota kikifikika, mrudishe humo kwa upole. Kikiwa kimeanguka, chukua kikapu kidogo au kopo lililotobolewa chini ili maji ya mvua yapite, tandika nyasi kavu, kisha ukifunge kwenye tawi lenye kivuli karibu na kiota cha awali.

Hondohondo ni wa pekee. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti na kulikandika kwa tope na kinyesi, akiacha ufa mwembamba ambao dume hupitishia chakula. Anapotoka, makinda waliobaki hulikandika upya wenyewe. Tundu la namna hiyo lisibomolewe kwa kudhani kwamba ndege amenaswa. Ukuta huo ndio kinga yao dhidi ya maadui.

Ikiwa wazazi hawaonekani

Kinda aliye uchi ambaye wazazi wake wamekufa au hawakurudi, na kinda yeyote aliyejeruhiwa, hana budi kufikishwa kwa mtaalamu. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Aliyeng'atwa na paka aonwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, kwa kuwa mate ya paka hubeba vijidudu vinavyoua ndege upesi.

Wakati wa kusubiri, zingatia yafuatayo:

1. Mweke katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na utulivu. Katika joto la Ruaha Mbuyuni hatari kubwa mchana ni jua, hivyo boksi likae kivulini. Katika baridi ya Mufindi au Mbeya, weka kando yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa.

2. Usimtilie maji mdomoni. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na matone machache humpalia na kumuua.

3. Usimpe maziwa, mkate wala ugali. Tumbo la ndege halisagi sukari ya maziwa, na wanga mtupu haujengi mifupa. Hata kwera, ambao wakiwa wakubwa hula nafaka, huwalisha makinda wao wadudu kwa wingi.

4. Usimlishe kinda aliyepoa mwili. Apate joto kwanza, kwa kuwa akiwa baridi hawezi kusaga chakula.

5. Nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo, na umweke mbali na kuku. Ndege wa porini huweza kubeba mdondo na magonjwa mengine. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usiwaguse wala kuwala. Mjulishe afisa mifugo.

Kwa nini usimlee nyumbani?

Makinda wa ndege wengi wadogo hulishwa mara kadhaa kila saa, tangu alfajiri hadi machweo. Ni kazi ambayo kaya chache huimudu. Hata akipona, kinda aliyelelewa na watu pekee huweza kutowaogopa binadamu na paka, akashindwa kujitafutia riziki. Anapoachiliwa, huwa windo rahisi.

Aidha, sheria inahusika. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ndege wa porini ni wanyamapori. Kuwakamata, kuwamiliki au kuwauza bila kibali ni kosa. Nia njema si kibali, na ndiyo sababu tunasisitiza utoe taarifa mapema.

Ukiuziwa kinda njiani

Msafiri anaweza kuonyeshwa cherero mchanga ndani ya kikapu na kuambiwa kuwa ni yatima. Huruma humsukuma kununua ili kumwokoa. Tunamshauri asinunue. Fedha hiyo humpa muuzaji sababu ya kupanda mbuyu mwingine kesho, na mnunuzi naye huondoka na mali asiyoruhusiwa kuwa nayo. Kumbuka mahali na saa, kisha utoe taarifa.

Kwa hiyo, kabla ya kumbeba kinda kwenda naye nyumbani, jiulize: wazazi wake wako wapi? Mara nyingi wako juu ya tawi, wanasubiri uondoke.